LESONI YA 8: NDUGU ANAYEACHA POMBE

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Mwanzo 9:20–24, Mithali 23:29–35, Luka 10:30–35, Wagalatia 6:1–5, 1 Wakorintho 5:11, 6:9–11, 2 Wakorintho 2:6–8, Marko 5:1–20.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:1. Lisome katika Biblia yako, kisha liandike kwa mkono wako mwenyewe.

Msimamo wa Waadventista juu ya pombe haujifichi. Mwaka 1879 waumini waliotutangulia waliunda chama cha afya na kiasi huko Battle Creek, Marekani, na watu wakatia sahihi ahadi ya kutogusa kileo. Hadi leo, anayesimama mbele ya kanisa kabla ya kubatizwa anaahidi jambo hilohilo. Hata katika Meza ya Bwana tunatumia maji ya zabibu yasiyochachuka. Haya tunayajua, na lesoni hii haitarudia kuyathibitisha.

Swali letu ni la baadaye kidogo. Mtu amehudhuria efoti, ameamini, amezamishwa majini na kuibuka huku kanisa likiimba. Sasa ni wiki ya tano. Usingizi haujarudi vizuri. Mshahara umelipwa leo. Njia ya kwenda nyumbani inapita mbele ya kilabu, na wale waliokaa ndani wanalijua jina lake. Tunamfanyia nini mtu huyu? Tukiwa wakweli, makanisa yetu mengi yana mpango mzuri wa kumfikisha kwenye maji, na hayana mpango wowote wa wiki ya tano.

Paulo anawaagiza Wagalatia wamrejeshe ndugu aliyeghafilika, tena wafanye hivyo kwa upole. Mara nyingi neno hilo tunalisikia kana kwamba linahusu sauti tu: tusikemee, tuseme taratibu. Juma hili tutauona upole kama kazi yenye maarifa yake, gharama yake na saa zake. Mengi ya saa hizo ni usiku.

JUMAPILI: Vazi la Shemu na Yafethi

Soma Mwanzo 9:20–24. Ni neno gani alilosema Hamu ambalo halikuwa la kweli?

______________________________________________

Hakuna. Baba yake alikuwa amelewa, alikuwa uchi, na alikuwa hemani mwake. Hamu hakuongeza kitu. Aliiona hali, akatoka nje, akawaeleza ndugu zake. Ndugu zake walipewa habari ileile, lakini wao walitwaa vazi, wakalitandaza mabegani, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. (Laana iliyofuata baadaye katika sura hii ina mjadala wake, nao si wa leo.)

Angalia kwamba Shemu na Yafethi hawakudai kuwa baba yao hajalewa. Hawakusema divai ile ilikuwa dawa. Kufunika kwao hakukuwa kuficha, kwa sababu Nuhu alipoamka alijua yaliyotokea. Walichokataa ni kuifanya aibu ya baba yao kuwa habari ya nje. Tena angalia jambo lingine ambalo ni rahisi kulipita: ili kumfunika mtu ni lazima umkaribie. Hamu aliweza kufanya alichofanya akiwa mbali. Wale wawili iliwabidi waingie hemani.

Leo nje ya hema ni mahali pakubwa kuliko zamani. Ujumbe mmoja katika kundi la WhatsApp la kanisa unatosha: "Wapendwa, tumkumbuke ndugu yetu fulani katika maombi, jana ameonekana kilabuni." Umeandikwa kama ombi, na pengine aliyeuandika alikusudia mema. Lakini watu mia moja na ishirini wamepata habari, na huenda hakuna hata mmoja aliyebeba vazi. Ndugu huyo ataiona simu yake asubuhi kama wengine. Sabato inayofuata hatakuja, nasi tutasema amerudi nyuma.

Kanisa linaloutaka upole litaweka mpaka hapa. Wanaojua wawe wachache, na kila anayejua awe na kazi ya kufanya: mzee wa kanisa, shemasi, na mtu mmoja au wawili ambao ndugu mwenyewe amewachagua. Wengine tunaweza kumwombea bila kuambiwa ni nani. Mungu anamjua.

Na jina tunalomwita lina uzito. Waebrania 11:7 inamtaja Nuhu miongoni mwa watu wa imani, kwa habari ya safina. Siku ile ya hemani haimo katika mstari huo. Sisi je, tunapomtaja ndugu yetu, tunasema "yule fundi mwashi wa kwaya ya pili" au tunasema "yule mlevi aliyebatizwa"?

JUMATATU: Mwili Unapodai

Soma Mithali 23:29–35. Mtu anayeelezwa katika mstari wa mwisho amepigwa, ameumia, na bado anataka nini mara tu atakapoamka?

______________________________________________

Mwandishi wa Mithali alikuwa amewatazama wanywaji kwa makini. Anataja macho mekundu, jeraha zisizo na sababu, maneno ya kupotoka, na kuyumba kama mtu aliyelala juu ya mlingoti wa merikebu. Lakini la kutisha zaidi ameliweka mwisho: mtu huyu anajua kwamba amedhurika, na bado anaitafuta tena. Hapo hatuzungumzi juu ya mtu asiyejua ubaya wa pombe. Ukimpa hotuba nyingine juu ya madhara ya kileo, anaweza kukusaidia kuitoa.

Ni nini kinachotokea ndani yake? Kileo hupooza utendaji wa ubongo. Mtu akinywa sana kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hujizoeza kwa kujichochea zaidi ili uendelee kufanya kazi. Kileo kikiondolewa ghafla, ule uchochezi unabaki bila kizuizi. Ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, tumbo huchafuka, usingizi hukimbia. Wengine hupatwa na degedege ndani ya siku 2 za kwanza, hata kama hawajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4, wachache huingia katika hali nzito zaidi: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu ambao hawapo. Hali hiyo ya mwisho isipotibiwa inaweza kuua.

Tunaandika haya kwa kirefu kwa sababu ya jambo linalotokea makanisani. Mtu anaitikia wito wa mhubiri Jumatano usiku. Anaambiwa aimwage pombe yote leo na asiiguse tena. Anatii kwa moyo wote. Ijumaa anaanza kupiga kelele kwamba kuna nyoka ukutani. Washiriki wanakusanyika, wanakemea pepo usiku kucha, na hakuna anayewaza juu ya usafiri wa kwenda hospitali. Utii wake ulikuwa wa kweli. Mwili wake ulihitaji daktari, na waliomzunguka hawakujua.

Basi tulijue hili. Mtu ambaye hutetemeka asubuhi kabla hajanywa, au aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha, asiachishwe nyumbani kwa ghafla. Apelekwe kituo cha afya au hospitali kwanza. Huko anaweza kupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, maji, na vitamini B1, ambayo mara nyingi imepungua sana katika mwili wa mnywaji. Si kila anayekunywa atapata shida hizi. Wengi wanaokunywa kidogo huacha bila kuugua. Lakini wanaobatizwa kwetu si wote wa kundi hilo la pili, na gongo huwaacha watu wengi katika kundi la kwanza.

Soma Luka 10:34, 35. Msamaria alifanya nini baada ya kumfunga majeraha yule mtu?

Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza, na kesho yake akamkabidhi kwa mwenye nyumba pamoja na dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku nzima wa kibarua. Akaahidi pia kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kwa hiyo alikabidhi, alilipa, na aliahidi kurudi. Mshiriki anayempeleka ndugu yake hospitali, akaketi naye kwenye benchi mpaka zamu yake ifike, kisha akarudi kesho na uji, amefanya kama yule Msamaria. Kumkabidhi mgonjwa kwa wenye ujuzi hakupunguzi imani ya maombi yetu. Omba ukiwa kwenye benchi.

Je, katika kanisa lako nani anajua ni hospitali gani iliyo karibu inayowapokea watu wanaoacha pombe? Ikiwa hakuna anayejua, nani ataulizia juma hili?

JUMANNE: Mzigo na Furushi

Soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Je, mistari hii miwili inapingana?

______________________________________________

Katika mstari wa 2 tunaagizwa kuchukuliana mizigo. Mistari mitatu baadaye tunaambiwa kila mtu atachukua furushi lake. Paulo alitumia maneno mawili tofauti, na Biblia yetu ya Kiswahili imefanya vizuri kuyatofautisha. Mzigo ni uzito unaomlemea mtu mpaka anainama. Furushi ni kile ambacho kila msafiri hubeba mwenyewe.

Anayemsaidia mtu anayeacha pombe atahitaji tofauti hii kila siku. Nauli ya kwenda hospitali ni mzigo. Chakula cha watoto wakati baba yuko wodini ni mzigo. Kutembea naye siku ya mshahara ni mzigo, tena mzito. Lakini deni lake kilabuni ni furushi. Kumpigia simu msimamizi wake wa kazi na kusema ana malaria wakati hana, huko ni kumnyang'anya furushi lake, na kusema uongo juu yake. Dada zetu wengi wamebeba mafurushi ya waume zao kwa miaka, wakiamini kwamba ndiyo subira. Wamelipa madeni, wamesema uongo kwa majirani, wameficha vyombo visiuzwe. Hatuwalaumu, walikuwa wanaokoa nyumba. Lakini mtu ambaye kila matokeo ya kunywa kwake yanabebwa na mwingine hukawia kuona sababu ya kuacha.

Fedha taslimu ni jambo la kuangalia sana. Mwenye kiu akipewa shilingi elfu kumi mkononi, umempa jaribu pamoja na msaada. Nunua unga. Lipa ada shuleni moja kwa moja. Yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu, mara nyingi ndiye atakayekuomba ufanye hivyo.

Na hapa ni lazima tuseme juu ya mke na watoto, kwa sababu huruma ya kanisa ina tabia ya kumkimbilia anayeonekana. Ndugu akisimama kutoa ushuhuda, kanisa linasema amina na wengine wanalia. Mke wake ameketi kwenye benchi la nne na uso usiosema kitu. Anaulizwa mbona hafurahi. Dada huyu amesikia ahadi kama hiyo mara nyingi. Tumpe muda. Imani yake kwa mumewe itarudi, kama itarudi, kwa mwendo wa miezi, nasi hatuna ruhusa ya kumharakisha kwa mafungu ya Biblia juu ya msamaha.

Ikiwa kulikuwa na kipigo nyumbani, neno liwe wazi zaidi. Upole kwa mnywaji haumwamuru mke arudi kwenye ngumi. Wazee wanaokwenda kusuluhisha wahakikishe kwanza kwamba mama na watoto wako salama usiku huu. Ndugu anayeacha pombe kweli ataelewa kwamba usalama wao unakuja kabla ya faraja yake, na kama bado haelewi, hilo nalo ni la kumfundisha.

JUMATANO: Akianguka Tena

Kuanguka tena ni jambo la kawaida kwa wanaoacha pombe. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla hawajasimama. Kanisa lisilojua hili hufanya sherehe kubwa mno mwanzoni na msiba mkubwa mno baadaye.

Soma Wagalatia 6:1 pamoja na Mathayo 4:21. Yakobo na Yohana walikuwa wanafanya nini na nyavu zao?

Neno la Kiyunani ambalo Paulo alilitumia kwa kumrejesha ndugu ndilo lililotumika pale ziwani kwa kuzitengeneza nyavu. Matabibu wa Kiyunani nao walilitumia kwa kuunga mfupa. Wale waliokulia kando ya Ziwa Victoria au ufukweni wamewaona wavuvi wakifanya kazi hii. Mvuvi huketi. Huupitisha wavu vidoleni polepole akitafuta palipokatika. Hapigi wavu kwa hasira kwa sababu samaki wametoka, wala hatupi wavu mzima kwa sababu ya tundu moja. Akipata tundu, anaangalia pia ni kitu gani kiliukata.

Fanya hivyo na ndugu yako. Akija kwako asubuhi akinuka pombe ya jana, maswali ya kwanza ni madogo: Umekula? Umelala wapi? Umeumia? Baadaye, akiwa ametulia, tafuta palipokatika. Ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa na nani? Ulikuwa na fedha kiasi gani mfukoni? Kulikuwa na ugomvi nyumbani kabla ya hapo? Mara nyingi utaona kwamba wavu ulikatika saa nyingi kabla ya glasi. Ulikatika mchana, alipofokewa kazini na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Lakini Paulo hasemi vilevile kwa Wakorintho. Katika 1 Wakorintho 5:11 anaagiza wasile pamoja na mtu anayeitwa ndugu naye ni mlevi. Tufanyeje na fungu hili? Tusiliruke. Paulo anamzungumzia mtu anayelichukua jina la ndugu na kuendelea na uovu wake bila kutaka kuacha, kanisa likijivuna kwa kumvumilia. Sura inayofuata, 6:9–11, anawataja tena walevi, kisha anawakumbusha Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo. Walikuwa. Sasa wameoshwa, na wameketi kanisani wakiisikiliza barua ikisomwa. Na katika 2 Wakorintho 2:6–8 anawasihi wamsamehe na kumfariji yule waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni.

Kanuni ya Kanisa inataja kunywa, kutengeneza na kuuza kileo miongoni mwa sababu za nidhamu, na nidhamu yenyewe inaweza kuwa karipio la muda au kuondolewa katika ushirika. Hatulegezi hilo. Ila baraza la kanisa lina swali la kuuliza kabla ya kura: mtu huyu anapigana au amesalimu amri? Aliyekuja mwenyewe kusema ameanguka, akiwa anaona aibu na anaomba msaada, anapigana. Kumleta mbele ya kikao kwa haraka ileile tunayomletea mtu anayefungua duka la pombe na kucheka, ni kutumia kisu palipohitaji uzi. Na hata mtu akiondolewa, mlango wa ibada haufungwi kwake. Wazee wanapaswa kujua alilala wapi juzi.

Paulo anaongeza onyo kwa anayemrejesha mwenzake: ajiangalie, asije akajaribiwa naye. Jaribu hilo si la chupa tu. Kuna furaha fulani ya siri ya kuwa mtu mwema mbele ya mtu aliyeanguka. Ukiona umeanza kuzihadithia safari zako za kumsaidia, simama kidogo.

ALHAMISI: Jua Likizama Siku ya Sabato

Mtu akiacha pombe, anaacha pia mahali, marafiki, na saa fulani za siku. Huko Kilimanjaro, mbege, inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi, imo katika posa na katika mikutano ya ukoo. Kukataa kata inayopita kunaweza kueleweka kama kuikataa familia. Kila eneo lina kinywaji chake na heshima zake. Tunapomwambia mtu aache, tunamwambia pia akae pembeni wakati baba zake wadogo wanazungumza. Ni haki aulize: nitaketi wapi sasa?

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, na wengi wetu tulishukuru. Sheria ya namna hiyo inaweza kuondoa kifuko dukani. Haiwezi kumwandalia mtu kampani ya jioni.

Kwetu kuna saa moja ya hatari ambayo huwa hatuifikirii. Sabato nzima ndugu yuko salama. Ibada asubuhi, chakula cha pamoja, mkutano wa vijana, kufunga Sabato kwa wimbo na sala. Kisha jua linazama, watu wanapeana mikono na kutawanyika, na ni Jumamosi usiku. Muziki umeanza mtaani. Tumemwimbia siku nzima na kumwacha mlangoni pa usiku ulio mrefu kuliko wote wa juma.

Familia moja tu inaweza kubadilisha usiku huo. Mwalike ale kwenu. Si kila mtu apike pilau; maharage yanatosha. Mpe kazi ya mkono, mtengeneze kiti au mkagange baiskeli ya mtoto. Msindikize kwake. Juma linalofuata familia nyingine ifanye hivyo. Misiba, harusi na sikukuu za Desemba ziwekewe mpango mapema: nani ataketi naye, na wataondoka saa ngapi.

Soma Marko 5:15–20. Watu wa nchi ile walimkuta yule mtu katika hali gani, nao waliitikiaje?

Hatusemi kwamba kila anayekunywa ana pepo. Tunaangalia jinsi watu walivyompokea aliyepona. Walikuwa wamezoea kumfunga kwa minyororo. Walipomwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke. Hakuna anayetajwa kuwa alikwenda kuketi naye. Naye aliomba aende na Yesu, jambo tunaloweza kulielewa. Yesu akamrudisha nyumbani kwa watu wake, akiwa na kitu cha kuwasimulia.

Msimulizi wa namna hiyo ana kazi ambayo wengine hatuwezi kuifanya. Mwaka 1935, huko Akron katika jimbo la Ohio, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alitafuta mnywaji mwingine wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari mmoja wa upasuaji. Kutokana na mazungumzo yao kilianza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho vikundi vyake viko Afrika Mashariki pia. Tunaweza kutofautiana nao katika baadhi ya mambo ya mafundisho. Lakini waligundua kitu ambacho Paulo alikisema katika 2 Wakorintho 1:4: aliyefarijiwa katika dhiki anaweza kumfariji aliye katika dhiki. Ikiwa katika kanisa lako yuko mtu aliyeacha pombe miaka 10 iliyopita, na hakuna anayejua kwa sababu anaona aibu, mzee wa kanisa aende akazungumze naye kwa siri. Asilazimishwe kutoa ushuhuda mbele ya watu. Aombwe tu kunywa chai na mtu mmoja.

Wako pia akina mama waliokuwa wakipika gongo ili kusomesha watoto. Nao wanaacha kitu: mapato yao yote. Tukiwabatiza bila kuuliza watakula nini mwezi ujao, tumewaagiza wabebe mzigo na furushi kwa pamoja. Mtaji mdogo wa maandazi au kuku, na washiriki wanaonunua kwao, ni sehemu ya toba yao na ya kwetu.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Ellen G. White cha mwaka 1905, tunachokijua kama Huduma ya Uponyaji, kuna sura inayohusu kazi kwa ajili ya wasio na kiasi. Isome yote ukiweza. Angalia jinsi mwandishi anavyojali chakula cha mtu huyo na umuhimu wa kumpatia kazi ya kufanya, pamoja na sala.

Maswali ya kujadili:

1. Baadhi ya washiriki husema, "Tukiwa wapole hivi, vijana watadhani kunywa si dhambi." Utawajibuje kwa kutumia Wagalatia 6 na 1 Wakorintho 6? Je, hofu yao ina ukweli wowote?

2. Katika darasa lenu, bila kutaja jina la mtu yeyote, orodhesheni mambo matatu ambayo kanisa limekuwa likiyachukua kama mzigo ilhali ni furushi, na matatu ambayo limeyaita furushi ilhali ni mzigo.

3. Ndugu amekubali kuacha leo usiku. Kwa miaka 8 amekunywa kila siku, na asubuhi hutetemeka. Taja hatua kwa hatua mtakachofanya kati ya sasa na keshokutwa. Nani ana gari? Nani ana namba ya simu ya muuguzi?

4. Mke wa ndugu anayeacha pombe anasema hataki kurudi nyumbani kwa sasa. Wazee wamwambie nini? Wasimwambie nini?

5. Kesho jua likizama, nani katika kanisa lenu atakuwa peke yake?